Nyama Inayopitisha Mwanga

Uliye Njombe mjini umejikunyata ndani ya koti, uliye Makambako upepo ukigonga mabati, na wewe dereva uliyeegesha lori ukisubiri kukuche, karibuni nyote. Leo nazungumzia jicho, na nitaanzia buchani.

Juzi nilimwomba muuza nyama mmoja pale Makambako aniuzie jicho la ng'ombe. Akaniuliza ni la supu au la mganga. Nikamwambia ni la kupasua. Akalifunga kwenye gazeti, akakataa pesa, nadhani alinihurumia.

Jicho la ng'ombe ni kubwa kuliko letu. La mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi na uzito wa gramu 7 au 8. La ng'ombe linapita milimita 30. Lakini mpangilio wa ndani unafanana kwa sehemu kubwa, ndiyo maana walimu wa baiolojia hulipenda. Unaanza kwa kuondoa mafuta na misuli. Kwa binadamu misuli inayolizungusha jicho ni sita, na ikivutana isivyo sawa ndipo tunapata makengeza. Ukimaliza hapo unakutana na ganda jeupe gumu ambalo wembe mpya unateleza juu yake. Ganda hilohilo likifika mbele linaacha weupe wake na kuwa angavu. Hapo ndipo panapoitwa konea.

Nilipoitoboa konea yalitiririka maji maangavu. Nyuma ya maji kuna irisi, lile duara lenye rangi, na katikati ya irisi kuna tundu. Tundu hilo ndilo mboni. Watu wengi wanadhani mboni ni kitu cheusi kilichopachikwa pale. Mboni si kitu, ni nafasi tupu, nayo ni nyeusi kwa sababu ndani ya jicho ni giza. Nyuma ya mboni nikaitoa lenzi, imara kidogo, inateleza vidoleni. Nikaiweka juu ya lile gazeti la buchani, na herufi za tangazo la zabuni zikavimba mbele yangu. Baada ya lenzi unakuja ute mzito unaojaza sehemu kubwa ya jicho, nao pia unapitisha mwanga. Mwisho kabisa, ukutani kwa ndani, kuna utando mwembamba wa kijivu unaokunjamana ukiugusa, umeshikizwa mahali pamoja tu. Hiyo ndiyo retina.

Chini ya retina ng'ombe ana tabaka la buluu na kijani linalometameta, ambalo sisi hatuna. Linaurudisha mwanga upite kwenye retina mara ya pili, ndiyo maana ng'ombe huona usiku vizuri kuliko mchungaji wake. Na ndiyo maana mbwa au mbuzi akisimama barabarani usiku macho yake yanawaka. Hayatoi mwanga wowote, dereva. Yanakurudishia wa kwako.

Sasa chukua tochi ya simu, weka vidole vyako mbele yake. Unaona wekundu tu, basi. Mwanga unakwama kwenye nyama na damu. Ni wapi pengine mwilini mwako ambapo mtu anaweza kutazama upande mmoja akaona upande wa pili? Ni mbele ya jicho peke yake, na uwazi huo umepatikana kwa kuikataa damu. Konea ya mtu mwenye afya haina mshipa hata mmoja wa damu. Lenzi haina. Ule ute hauna. Konea huchukua sehemu kubwa ya oksijeni yake hewani, ikipitia kwenye machozi, na chakula chake kwenye yale maji yaliyo nyuma yake.

Ukilishika hilo, mengine yanajipanga. Mbele ya jicho kuna vitu vya uwazi, na kitu cha uwazi kikiharibika mara nyingi daktari anaweza kukisafisha, kukishona au kukibadilisha. Nyuma ya jicho kuna neva, na neva ikifa hakuna hospitali duniani inayoifufua. Sisi wa nyanda hizi tunafanya kinyume. Ugonjwa wa mbele tunauvamia kwa dawa za kila aina, na wa nyuma tunausubiri.

Niwaambieni kwanza habari za huku mbele. Kila dakika unapepesa kope mara 15 hivi, na kila mara unapaka machozi mapya juu ya konea. Machozi si maji matupu: juu yana mafuta yanayozuia yasikauke, katikati yana maji yenye chumvi na viua-vijidudu, chini yana ute unaoyashikiza. Makambako, mwezi wa Septemba upepo ukiwa umeamua, mafuta hayo yanafanya kazi kubwa. Simama mbele ya kioo uvute kope la chini taratibu. Kwenye pembe ya karibu na pua utaona kitundu kidogo. Hapo ndipo machozi yanapotokea kwenda puani. Ndiyo sababu msibani pua huvuja pamoja na macho, na ndiyo sababu ukitiwa matone ya dawa jichoni unaonja uchungu kooni.

Konea ina unene wa nusu milimita tu katikati, lakini ndiyo inayoupinda mwanga zaidi kuliko kitu kingine chochote jichoni. Tumezoea kuisifia lenzi, na kwa kweli theluthi mbili ya kazi inafanywa na konea. Watoto wa Manda kule Ludewa wanaopiga mbizi Ziwa Nyasa wanalijua hili bila kufundishwa: ukifumbua macho ndani ya maji kila kitu kinakuwa na ukungu, hata maji yawe safi namna gani. Konea hupinda mwanga unapotoka hewani. Mwanga ukitoka majini hakuna cha kuupinda, kwa kuwa konea yenyewe nayo imejaa maji.

Tena konea imejaa neva za maumivu. Fundi wa mbao anafahamu jinsi punje ya vumbi la msumeno isiyoonekana inavyomlaza mtu mzima. Fundi wa kuchomelea naye anajua usiku wake. Anachomelea mchana bila miwani nyeusi, anarudi nyumbani mzima, saa sita ya usiku anaamka anahisi mchanga umemwagwa machoni. Ni konea imeunguzwa na mionzi ya jua bandia aliyoitengeneza mwenyewe, na maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa. Mara nyingi tabaka la juu huota upya ndani ya siku moja au mbili, endapo ataacha kutia vitu. Hapo ndipo pagumu. Jirani analeta maziwa, shangazi analeta maji ya jani fulani.

Msimu wa kupalilia jani la hindi likikuchapa jichoni, mkwaruzo wake unaweza kuingiza kuvu kwenye konea, na konea haina damu ya kuleta askari wa mwili kwa haraka. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Mwaka 1994 madaktari wawili wa macho, Yorston na Foster, walichapisha utafiti wao kuhusu vidonda vya konea hapa Tanzania, na takriban robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni. Mimi siwadharau waganga. Kuna miti kwenye misitu hii inayotibu. Ila jani lililotwangwa na jiwe lenye udongo, likachanganywa na maji ya ndoo, halina usafi wa kuwekwa juu ya nusu milimita ya nyama isiyo na damu. Na duka la dawa si salama kwa sababu tu lina kioo na koti jeupe. Yapo matone yenye steroidi yanayotuliza wekundu ndani ya siku moja, mtu akayapenda, akayanunua mwaka mzima bila kuandikiwa. Matone hayo yanaweza kumletea mtoto wa jicho na presha ya jicho kwa pamoja.

Kukosa damu kuna neema yake pia. Tarehe 7 Desemba 1905, daktari Eduard Zirm wa mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Czech, alimpandikizia mgonjwa konea ya mtu mwingine na ikashika. Figo na moyo vilisubiri karibu nusu karne na zaidi. Kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, kinga ya mwili mara nyingi haitambui kwamba mgeni ameingia.

Tuingie ndani zaidi. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi, na asubuhi za Juni ukifika kwenye mashamba ya chai ya Kibena inawezekana usione hata pua ya gari lako. Umewahi kujiuliza ule ukungu ni nini? Ni maji. Maji ni maangavu. Hewa nayo ni angavu. Vipi vitu viwili vya uwazi vikikutana vinakuwa ukuta mweupe? Kwa sababu maji yamekatika vipande vidogo mno, na kila tone linaupinda mwanga kidogo na kuutupa upande wake. Mwanga haujapotea, umetawanywa, na uliotawanywa hauleti tena umbo la mti wala la ng'ombe.

Mtoto wa jicho ni jambo hilohilo kwa kanuni ileile ya fizikia. Lenzi imejaa protini zinazoitwa kristalini, zimepangwa kwa ukaribu na usawa unaouacha mwanga upite. Lenzi inakua maisha yote kwa kuongeza matabaka nje, na tabaka la zamani halitupwi. Ina maana katikati ya lenzi yako, wewe mwenye miaka 60, kuna protini ulizozipata ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Ni viungo vichache mno vinavyotunza vitu vya kale kiasi hicho. Na kitu kikikaa miaka 60 kwenye mwanga bila kubadilishwa, kinachakaa. Protini zinafumuka, zinashikamana mabonge, na mabonge yanautawanya mwanga. Dereva mzoefu hawashi taa kali ndani ya ukungu wa Kibena, maana mwanga unamrudia usoni. Hivyo ndivyo anavyolalamika mzee mwenye mtoto wa jicho: mchana anajikongoja, lakini usiku taa moja ya pikipiki inamjaza jicho zima.

Uzee ndio sababu kuu. Kisukari huharakisha, tumbaku huharakisha, kupigwa jicho huharakisha. Na kuna mawili yanayotuhusu sisi hasa. La kwanza ni jua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi mikali ya jua inaongezeka kwa asilimia 10 au zaidi. Baridi inatudanganya, mtu anavuna viazi na sweta mwilini, anadhani jua halimpati. Kofia yenye ukingo mpana shambani ni dawa rahisi kuliko zote nitakazozitaja leo. La pili ni moshi. Tunapika na kuota moto ndani, mlango umefungwa kwa sababu nje kuna sakitu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeuhusisha moshi wa kuni na mtoto wa jicho kwa wanawake.

Mtoto wa jicho hauna tone la kuuyeyusha, hauna mzizi wala miwani ya kuutoa. Una upasuaji tu, na upasuaji wake una hadithi. Wakati wa vita kuu ya pili daktari Harold Ridley wa London aliwatibu marubani waliopasukiwa na vioo vya plastiki vya ndege zao. Vipande viliingia machoni, na Ridley akaona kwamba jicho halikuvikasirikia kama linavyokasirikia vitu vingine. Mwezi Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', aliweka lenzi ya plastiki ya aina ileile ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Leo hakuna kambi ya macho Afrika Mashariki isiyotumia wazo lake. Sindano ya ganzi, mkato mdogo, lenzi iliyochakaa inatolewa, mpya inaingia, na kwa mkono uliozoea kazi nzima haifiki nusu saa.

Bado mtoto wa jicho ndio unaosababisha upofu kuliko ugonjwa mwingine wowote barani Afrika. Wapo wanaosubiri "ukomae" kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo madaktari wa zamani walivyosema. Siku hizi hausubiriwi. Ukianza kukuzuia kazi zako, nenda. Na kuna jambo linaloniudhi. Wataalamu wa Moshi, kule ambako hospitali ya KCMC imefundisha madaktari wa macho kwa miaka mingi, walionesha kwamba wanawake wanafanyiwa upasuaji huu kwa uchache kuliko wanaume, ilhali wenye kuuhitaji ni wengi zaidi. Hakuna ajabu. Babu akishindwa kuona ng'ombe ukoo unakutana. Bibi akishindwa kuona sufuria anapewa mjukuu wa kumshika mkono, na mjukuu anakosa shule. Ukimuuliza bibi mwenyewe atakwambia amezeeka, atazame nini tena. Msiulize hivyo. Tafuteni nauli.

Kuhusu kushindwa kusoma karibu baada ya miaka 40, sitakawia. Lenzi imekuwa ngumu, haivimbi tena ukitaka kutazama karibu. Huo si ugonjwa. Nunua miwani ya kusomea, acha kumsingizia aliyechapa Biblia kwamba ameyapunguza maandishi.

Sasa tufike nyuma. Retina ina seli za kupokea mwanga za aina mbili. Koni ni milioni 6 hivi, zimesongamana katikati. Zinaona rangi na vitu vidogo, lakini zinataka mwanga wa kutosha. Rodi ni milioni 120 hivi, zimeenea pembeni. Hazijui rangi, ila zinatosheka na mwanga wa nyota. Ukitoka kwenye mwanga kuingia gizani mboni inatanuka ndani ya muda mfupi, kutoka milimita 2 hadi 7 au 8 kwa kijana. Watu wanadhani hiyo inatosha. Rodi zenyewe zinahitaji dakika 20 hadi 30 ili ziwe na ukali wake kamili, kwa kuwa rangi yake ya kunasa mwanga, rodopsini, huvunjika kwenye mwanga na hutengenezwa upya polepole.

Hebu fikiria hapo barabara ya Tunduma usiku. Lori linalotoka Zambia linakuja na taa zote, na nyuma yako kijana anayepeleka gari la aiti, lile la kuvushwa mpaka, hajalala tangu Dar es Salaam. Mwanga ule ukikupiga, unabaki sekunde kadhaa huoni kitu pembeni mwa lami, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kila sekunde unakula mita 22. Mwenye baiskeli isiyo na taa anakuwa ndani ya mita hizo. Tazama ukingo wa kushoto wa barabara, usizitazame taa zinazokuja. Na wewe utingo usiwashe simu kwenye kabini kumwonesha dereva video.

Kwa kuwa rodi hazipo katikati kabisa ya retina, kitu hafifu usiku unakiona vizuri usipokikodolea. Mwezi wa Julai, kabla ya alfajiri, anga la Njombe likiwa halina wingu, tafuta Kilimia upande wa kaskazini mashariki, lile kundi la nyota ambalo wazee walilitazama kujua majira ya kilimo. Likodolee, zinafifia. Hamishia macho pembeni kidogo, zinaongezeka.

Hiyo rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A. Mtoto asipoipata anaanza kujikwaa jioni, ikizidi konea yake inakauka na kuyeyuka, na hapo uwazi umekwenda jumla. Mkoa wetu unalisha miji, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Sahani yetu ni nyeupe mno: ugali wa mahindi meupe, viazi mviringo, chumvi. Vyote hivyo karibu havina vitamini A. Iko kwenye maini, mayai na maziwa, na mwili huitengeneza kutoka kwenye karoti, mchicha, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Ila hiyo ya mbogani huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na mafuta hayo tunayo mtini: parachichi. Tunalipakia kwenye makontena kwenda Ulaya, na mtoto wa mwenye shamba hali. Kata vipande viwili juu ya mchicha wake. Na Juni na Desemba, mwezi wa afya na lishe ya mtoto, wapelekeni wenye miezi 6 hadi 59 wakapate matone ya vitamini A, ni bure.

Kuna dosari moja ya kiufundi kwenye retina ambayo sijawahi kuizoea. Waya zake zimepita mbele ya seli zinazopokea mwanga, badala ya nyuma. Ili zitoke kwenda kwenye ubongo lazima zikusanyike na kutoboa retina, na hapo penye tundu hakuna seli inayoona. Una upofu mdogo kwenye kila jicho, tangu kuzaliwa. Uhakikishe sasa hivi, isipokuwa kama umeshika usukani. Fumba jicho la kushoto. Nyoosha mikono yote miwili mbele, dole gumba juu, vidole gumba vikiwa vimegusana. Kwa jicho la kulia tazama kidole gumba cha kushoto, usikiache. Sasa usogeze mkono wa kulia taratibu kuelekea kulia. Ukifika chini kidogo ya shubiri moja, ncha ya kidole gumba cha kulia itatoweka. Endelea kusogeza, itarudi. Pweza wa kule Kilwa hana tatizo hili. Waya zake zimepita nyuma, kama fundi mwenye akili angefanya.

La kushangaza si kwamba kidole kimetoweka, bali kwamba hukuona shimo jeusi mahali pake. Ubongo ulipaziba kwa kukisia, kwa rangi ya ukuta ulio jirani. Tulikumbuke hilo maana tutalihitaji.

Waya hizo zikitoka ni milioni moja hivi kwa kila jicho, zimefungwa pamoja kuwa neva moja. Neva mbili zinakutana nyuma ya macho, chini ya ubongo, na pale ni Makambako hasa. Magari yaliyotoka Iringa yakifika Makambako mengine yananyoosha kwenda Mbeya, mengine yanakata kushoto kwenda Njombe na Songea. Waya za nusu ya ndani ya kila jicho, ile ya upande wa pua, zinavuka kwenda ubongo wa upande wa pili. Za nusu ya nje zinabaki upande wake. Kwa mpango huo kila kitu kilicho kulia kwako, kiwe kimeonwa na jicho gani, kinaishia ubongo wa kushoto. Aliyepata kiharusi baada ya njia panda hiyo hapotezi jicho moja. Anapoteza nusu moja ya dunia kwa macho yote mawili, na utamwona anagonga fremu za milango upande uleule kila siku.

Kabla ya njia panda kuna ugonjwa, glakoma, ambao ndio ulionileta hapa leo. Yale maji maangavu ya mbele ya jicho hutengenezwa mfululizo na hutoka kwa kichujio kilicho kwenye pembe kati ya irisi na konea. Kichujio kikibana, presha ya ndani inapanda. Kwa kawaida iko kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha zebaki, na haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya damu unayopimwa mkononi. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Presha ya jicho inabana neva pale inapotokea, na waya zinakufa moja moja, zikianzia zile zinazoleta picha ya pembeni. Hakuna maumivu, wala wekundu. Glakoma ya aina hii huanza bila dalili yoyote anayoweza kuihisi mgonjwa, na sisi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali kuliko watu wa Ulaya.

Na ubongo unaziba. Kama ulivyoziba pengo la kidole gumba, ndivyo unavyoziba mapengo ya glakoma. Jicho la kulia linalifichia la kushoto, na la kushoto linalifichia la kulia. Wapo wanaogundua siku walipokuwa wanasugua jicho zima kwa kuwa limeingia vumbi, wakakuta la pili halioni. Waya zilizokufa hazirudi. Matone au upasuaji huokoa zilizobaki, basi.

Kwa hiyo ukishafika miaka 40, au mapema kama mzazi au ndugu yako wa kuzaliwa ana presha ya jicho, nenda kapimwe hata kama unaona vizuri. Ukifika usikubali kusomeshwa herufi za ukutani peke yake ukaambiwa uko sawa. Omba upimwe presha ya jicho na neva itazamwe kwa ndani. Herufi za ukutani mwenye glakoma huzisoma zote hadi mstari wa chini, kwa sababu katikati pake bado pazima.